Namna ya Kusoma Gombo la Zen na Kuielewa Misemo Yake

Gombo la Zen, tawi la dini ya Kibudha, linapotundikwa ukutani huwa na maneno machache sana: mara nyingi ni herufi nne au tano za Kichina, zilizoandikwa kwa brashi na wino mweusi kutoka juu kwenda chini, na pembeni yake jina la mtawa aliyeziandika pamoja na mihuri miwili mitatu myekundu. Mtu anayeliona kwa mara ya kwanza huuliza pameandikwa nini, na akishaambiwa kwamba pameandikwa "Kila siku ni siku njema," huliona kuwa ni methali ya kumfariji mtu, akapita. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule anayetaka kukaa mbele ya gombo kwa muda mrefu zaidi. Jambo ninalomwomba alishike tangu mwanzo ni kwamba misemo mizito zaidi ya Zen, ambayo Wajapani huiita zengo, si methali. Ni vipande vya mazungumzo. Palikuwa na mtu aliyeuliza na mtu aliyejibu, kisha jibu likanyofolewa na kuwekwa peke yake kwenye karatasi, na kazi ya msomaji ni kulirudishia jibu hilo swali lake.

Magombo haya ni ya Japani, ingawa mengi ya maneno yenyewe yalitamkwa China katika enzi za Tang na Song, kati ya karne ya 7 na ya 13. Maandishi ya mkono ya mtawa wa Zen huitwa bokuseki, yaani nyayo za wino. Miongoni mwa yale ya kale zaidi yaliyosalia ni hati ya mwaka 1124 ya mwalimu wa Kichina Yuanwu Keqin (1063–1135), aliyomwandikia mwanafunzi wake kuthibitisha kwamba ameiva katika mafunzo. Nusu yake ya kwanza imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Tokyo, na kwa kuwa inasimuliwa kwamba ilifika pwani ya Japani ikielea baharini ndani ya bomba la mbao, Wajapani huiita "Engo Aliyeelea," Engo likiwa ndilo jina la Yuanwu kwa matamshi yao. Mtu huyu tutakutana naye tena huko mbele.

Inasimuliwa vilevile kwamba Murata Jukō (1423–1502), mmoja wa waasisi wa utaratibu wa kunywa chai kwa utulivu na kwa vyombo vya kawaida, alipewa andiko la Engo na mtawa Ikkyū Sōjun (1394–1481), akalitundika katika chumba chake cha chai. Desturi hiyo ilikita mizizi, na hadi leo gombo hupewa heshima kubwa kuliko bakuli, birika na chombo kingine chochote cha chumba hicho. Mwenyeji hatoi hotuba. Gombo alilolichagua ndilo linalosema kwa niaba yake. Anayejua jinsi jina la kanga linavyoweza kufikisha ujumbe bila mvaaji kufungua kinywa ataielewa hali hii upesi.

Hatua ya kwanza: Kaa chini, utazame kabla ya kusoma

Katika nyumba ya Kijapani gombo hutundikwa ndani ya tokonoma, ambayo ni shubaka kubwa lililoinuliwa kidogo kutoka sakafuni, na urefu wa kutundikia hupangwa kwa kumfikiria mtu aliyeketi. Mgeni wa chai hupiga magoti mbele yake, huweka kipepeo chake cha kujipepea, kilichokunjwa, mbele ya magoti, huinama, hutazama, kisha huinama tena. Hata ukiwa katika jumba la makumbusho, shuka kidogo au rudi nyuma hatua mbili, kwa kuwa ukilitazama ukiwa umesimama karibu utaona herufi za juu tu.

Usiharakishe kutafuta maana. Fuata wino kwanza. Brashi iliyotoka kuchovywa huacha wino mzito unaotambaa kidogo kwenye karatasi, na kadiri inavyoshuka wino hupungua, mistari huchanika na weupe wa karatasi hujitokeza katikati ya weusi, mpaka mwandishi achovye tena. Ukitazama kwa makini utaweza kusema ni wapi alipochovya, ni herufi zipi alizoziandika kwa pumzi moja, na ni wapi alipokaza mkono. Karatasi hiyo hunywa wino papo hapo wala haikubali kufutwa, hivyo unachokiona ni mwendo wa mkono ulivyokuwa, bila sahihisho. Watawa wengi walioheshimiwa kwa maandishi yao hawakuwa mafundi wa hati kwa kazi. Kinachotafutwa hapa ni mtu mwenyewe, na hati iliyopinda ya mwalimu mkomavu huthaminiwa kuliko hati iliyonyooka ya mwandishi stadi asiye na la kusema.

Hatua ya pili: Tenganisha msemo na yale yanayouzunguka

Kosa la kawaida kwa anayeanza ni kulisoma jina la mwandishi kama sehemu ya msemo. Msemo wenyewe hukaa katikati kwa herufi kubwa. Sahihi huandikwa kwa herufi ndogo, kwa kawaida upande wa kushoto, na chini yake hugongwa mhuri mmoja au miwili yenye jina. Muhuri mwingine, mrefu na mwembamba, hukaa juu kulia penye mwanzo wa maandishi. Huo mara nyingi hubeba maneno mafupi ya kupendeza badala ya jina, na huonyesha usomaji unaanzia wapi.

Sahihi hukuambia pia hekalu. Ukiona herufi 紫野, ambazo husomwa Murasakino, umefika kaskazini mwa Kyoto, kwenye eneo la hekalu la Daitokuji, lililoasisiwa na Shūhō Myōchō (1282–1337) na ambalo limefungamana na watu wa chai kuliko hekalu lolote jingine. Herufi 前大徳 ni cheo cha heshima cha hekalu hilohilo, maana yake "aliyepata kuwa mkuu wa Daitokuji." Herufi 花園, Hanazono, au 妙心 zinaelekeza Myōshinji, hekalu jingine kubwa la Kyoto. Ukizikariri hizi chache, utaweza kulitambua chimbuko la sehemu kubwa ya magombo ya chai kabla hujajua hata herufi moja ya msemo.

Hatua ya tatu: Zitambue herufi

Maandishi husomwa kutoka juu kwenda chini, na yakiwa na safu kadhaa, huanzia kulia. Lile gombo pana lililoandikwa kwa mlalo nalo husomwa kutoka kulia, jambo ambalo humkwaza hata kijana wa Kijapani aliyezoea magazeti ya leo. Lipo pia pambo moja linalovunja utaratibu huu: katika hekalu la Ryōanji, Kyoto, kuna birika la jiwe la kunawia mikono, na tundu lake la maji ni la mraba. Mraba huo ni sehemu ya herufi zote nne zilizochongwa kuuzunguka, na ukizunguka nazo kuanzia juu kuelekea kulia unapata "Mimi najua tu kutosheka." Pambo hilo huigwa mara kwa mara kwenye magombo, na asiyelijua huhangaika kutafuta herufi ambazo peke yake hazipo.

Hati ziko za namna tatu kuu. Kaisho ni hati iliyosimama, kila mstari peke yake, na mwenye kamusi anaweza kuisoma. Gyōsho ni hati inayotembea, mistari ikishikana. Sōsho ni hati inayokimbia, ambamo herufi yenye mistari kumi na kitu hubaki mawimbi mawili au matatu, na hii ndiyo wanayoipenda watawa. Usijaribu kuishinda kwa nguvu. Hesabu herufi za msemo, kisha tafuta ile iliyo rahisi kuliko zote: 日 siku, 一 moja, 山 mlima, 水 maji, 月 mwezi, 心 moyo, 茶 chai, 無 hakuna. Misemo inayotumika mara kwa mara si mingi kupita kiasi, na kamusi za zengo nyingi huipanga kwa idadi ya herufi, kwa hiyo kujua kwamba una msemo wa herufi tano unaoishia na 日 kunatosha kukufikisha. Alama 々 maana yake ni kwamba herufi iliyotangulia irudiwe. Ndiyo sababu 日々是好日 na 日日是好日 ni msemo mmoja.

Hatua ya nne: Rudisha swali

Hapa ndipo penye kazi yote, na ningependa msomaji atumie hapa muda mwingi kuliko kwingine kote.

Tuanze na huo msemo wa siku njema, nichinichi kore kōnichi. Aliyeutamka ni Yunmen Wenyan (864–949). Aliwaambia wanafunzi wake: "Siwaulizi habari za kabla ya siku ya 15. Niambieni neno moja kuhusu baada ya siku ya 15." Hakuna aliyejibu, akajibu mwenyewe: "Kila siku ni siku njema." Siku ya 15 katika kalenda ya mwezi ndiyo usiku wa mwezi mpevu, kwa hiyo kabla yake mwezi unakua na baada yake unapungua. Yunmen ameukata wakati vipande viwili, kisha anawaomba wanafunzi wasimame upande wa pili wa mkato huo. Jibu lake haliwaambii kwamba kesho mambo yatakuwa mazuri. Linaiondoa ile mizani ambayo mtu huitumia kupima siku iliyokua na siku iliyopungua. Gombo hili likitundikwa siku ya mvua kubwa au wakati wa msiba, halifanyi utani na mtu. Hapo ndipo linapokuwa na uzito wake kamili. Mazungumzo hayo ni kisa cha 6 katika mkusanyiko uitwao Hekiganroku, na maelezo ya visa vyake yalitolewa na Yuanwu, yuleyule wa hati iliyoelea.

Yuanwu ana msemo wake mwenyewe pia. Usiku mmoja alikuwa akitembea na mwalimu wake Wuzu Fayan pamoja na wanafunzi wengine wawili, taa ikazimika. Mwalimu akawataka kila mmoja aseme neno moja. Wawili wa kwanza walitoa maneno ya kina na ya kishairi. Yuanwu alisema 看脚下: "Angalia unapokanyaga." Katika giza, kwenye njia ya kijijini, hilo ndilo neno ambalo mtu yeyote angemwambia mwenzake, na mwalimu alilisifu kuliko mengine. Leo maneno ya ukoo huo huo huandikwa kwenye ubao mlangoni mwa mahekalu ya Kijapani, pale watu wanapovulia viatu, na mgeni huyaelewa kuwa anaombwa apange viatu vyake vizuri. Wapo wanaoona kwamba matumizi hayo yameushusha msemo. Mimi naona yameutunza vizuri sana, kwa sababu umebaki pale pale ulipozaliwa, chini miguuni.

Msemo wa tatu ni 本来無一物, honrai muichimotsu, "Tangu asili hakuna hata kitu kimoja." Mapokeo yanasema kwamba mtawa msomi aliandika ukutani shairi linalolinganisha moyo na kioo kinachopaswa kufutwa kila wakati vumbi lisitue. Huineng (638–713), kijana aliyekuwa akitwanga mpunga jikoni na asiyejua kusoma, alimwomba mtu amwandikie jibu kando yake: ikiwa tangu asili hakuna hata kitu kimoja, vumbi litatua wapi? Msemo huo ukisimama peke yake husikika kama tamko la mtu aliyekata tamaa. Ukirudishiwa kioo na vumbi lake, unakuwa jibu kwa mtu mahususi. Yafaa kujua pia kwamba katika nakala ya kale ya kitabu kinachosimulia kisa hiki, iliyopatikana Dunhuang, China, mstari huu haumo. Mahali pake pana mstari usemao kwamba asili ya Budha ni safi daima. Lakini uliopendwa na brashi ni huu wa baadaye. Na kila ninapouona ukiwa umeandikwa kwa hati ya kifahari hukumbuka kwamba wanaousimulia wanamwekea kinywani mtu ambaye asingeweza kuuandika.

Magombo mengine hayahitaji safari ndefu hivi. Ni mistari ya mashairi ambayo haikuzaliwa katika mabishano ya watawa. Hiyo itoshe kuisoma kama shairi.

Hatua ya tano: Angalia msimu na tukio

Mwenyeji huchagua kwa kufuata majira. 松樹千年翠, "msonobari, kijani cha miaka elfu," hutundikwa mwaka mpya na kwenye sherehe. 薫風自南来, "upepo wenye harufu nzuri waja kutoka kusini," ni wa mwanzo wa kiangazi. Maji ya viganjani yenye mwezi ndani yake, 掬水月在手, ni ya vuli, na chembe ya theluji juu ya tanuri jekundu, 紅炉一点雪, ni ya baridi. Herufi moja 瀧, maporomoko ya maji, yenye mstari wa mwisho ulioburutwa hadi chini ya karatasi, hutundikwa siku za joto kali ili wageni waone ubaridi. Duara lisilo na maneno, ensō, halifungwi na msimu. Ila mtawa Sengai Gibon (1750–1837) alichora moja akaandika kando yake, "Kula hii, kisha unywe chai," na mara hiyo duara la kuonyesha ukamilifu likawa andazi.

Hatua ya sita: Lete kwa Kiswahili

Baada ya kuyajua mazungumzo, tafsiri mwenyewe, wala usikubali tafsiri iliyopitia lugha nyingine mbili kabla ya kukufikia, kwa sababu Kiswahili kina uwezo wake. Chukua 喫茶去, kissako. Zhaozhou (778–897) alimuuliza mtawa mgeni kama amewahi kufika hapo. Akajibu amewahi. "Kanywe chai." Akamuuliza mwingine, naye akajibu hajawahi. "Kanywe chai." Msimamizi wa hekalu akashangaa kwa nini wote wawili wameambiwa neno moja. Zhaozhou akamwita kwa cheo chake, akaitika. "Kanywe chai." Herufi ya kwanza ni kunywa, ya pili ni chai, na ya tatu, 去, huongeza mwendo wa kuondoka. Lugha nyingi hulazimika kuongeza neno zima la kwenda. Sisi tunayo -ka- ndani ya kitenzi, na mwendo umo humo. Chai yenyewe ni neno la Kichina: herufi 茶 husomwa cha, na neno hilo ndilo lililopita Uajemi likawa chai ya kwetu.

Pengine lugha yetu hubana mno. Zhaozhou huyohuyo aliulizwa kama mbwa ana asili ya Budha, akajibu 無, mu, na kisa hicho ndicho cha kwanza katika Mumonkan, mkusanyiko wa mwaka 1228. Jibu la kawaida la Kiswahili kwa swali hilo ni "Hana," lakini "hana" limefungwa kwa mbwa, na "hakuna" limefungwa kwa mahali, ilhali 無 la gombo halikufungwa popote. Hapa nashauri uandike Mu, kisha usimulie kisa.

Hatua ya saba: Kama unataka kununua

Mnadani na mtandaoni magombo mengi ya bei nafuu ni chapa za kiwandani. Tafuta maneno haya kwenye maelezo: 肉筆 maana yake limeandikwa kwa mkono, 印刷 na 工芸 huashiria chapa. 紙本 ni karatasi na 絹本 ni hariri. 共箱 ni sanduku lililoandikwa na mwandishi mwenyewe wa gombo, na 合箱 ni sanduku lililotafutwa baadaye likalingana tu. Omba picha ya karibu: chapa huonyesha nukta ndogo ndogo zilizojipanga, na pale mistari miwili inapokatana huoni tabaka la wino juu ya jingine. Muhuri usiutegemee, kwa kuwa chapa nyingine hugongwa muhuri halisi.

Hatua ya nane: Kutundika na kuhifadhi

Tundika kwa fimbo yenye ncha ya uma iitwayo yahazu. Fungua sehemu ya juu kidogo tu, inua kitanzi hadi kwenye msumari, kisha uliache gombo lishuke taratibu mkononi mwako. Usiguse karatasi yenye maandishi. Shika mti wa chini. Epuka jua la moja kwa moja, na usiliache ukutani mwaka mzima: wiki chache zatosha, kisha lipumzike. Likunje siku kavu bila kulivuta ili kulikaza, kwa sababu kuvuta ndiko kunakoleta mikunjo. Kwa anayeishi Mombasa, Unguja au kokote kwenye unyevunyevu wa pwani, ukungu ni adui mkubwa kuliko jua, hivyo litoe sandukuni mara kwa mara siku zisizo na mvua na ulianike kivulini penye hewa. Ukisharudisha gombo kwenye sanduku lake, weka ndani kipande cha karatasi chenye herufi za msemo, matamshi yake, tafsiri yako, jina la aliyetamka na la aliyeambiwa, pamoja na tarehe uliyolitundika.